Wakala wa Magari ya Japani, Mwanakwerekwe: Gari Mpe Kazi, Siasa Msikilize Tu

Tangu Noah yangu ianze kubeba watoto wa skuli kutoka Fuoni, simu haziishi: umeagiza kwa nani, alikutoza ngapi, gari lilifika na hali gani. Nimechoka kurudia, naandika hapa mara moja. Wakala wangu ana ofisi Mwanakwerekwe, nyuma nyuma ya soko: chumba kimoja, feni moja, meza mbili, na muuza kahawa barazani nje. Jina lake silitaji kwa kuwa nitamsifu na nitamsema, naye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Wateja wote tunamwita Ami. Kwa kuagiza gari nampa nyota tano. Kwa utabiri wa siasa za Japani, ambao hukuuliza lakini utaupata, nampa mbili, na moja kati ya hizo ni ya ufasaha.

Nianze na gari, maana ndilo lililonipeleka. Mawakala wengi hukuonyesha picha kwenye simu, gari limeoshwa linang'aa, ukiuliza hali yake unaambiwa "safi". Ami hufungua karatasi ya mnada yenyewe, ile yenye maandishi ya Kijapani na kimchoro cha gari, akakupitisha alama moja moja: A ni mkwaruzo, U pamebonyea, W paliwahi kunyooshwa na kupigwa rangi, S kutu. Nambari inayofuata herufi ndiyo inayosema ubovu ni mdogo au mkubwa. Gari la kwanza nililolipenda lilikuwa na daraja R. Akanitazama juu ya miwani.

"Hili liligongwa likatengenezwa, mwanangu. Watoto wa watu humu huwapandishi."

Na bei yake ilikuwa tamu, tena ada yake angeipata vile vile. Anachukua dola 200 kwa gari, anakuandikia risiti, na karatasi za meli anakukabidhi mkononi, hazikai kwake. Ushuru na mambo ya bandarini anakuelekeza, lakini unalipa mwenyewe, kwa hiyo hakuna pesa inayopita mfukoni mwake ukabaki kujiuliza. Gari lilipofika lilikuwa lile lile la kwenye karatasi, na mkwaruzo wa A2 mlango wa kushoto ulikuwepo pale pale alipouonyesha. Sina la kuongeza hapo.

Sasa huduma ya pili, na siasa nitakazozitaja ni kama zilivyokuwa mwisho wa 2025. Ami aliishi Nagoya miaka mingi, akifanya kazi kwenye karakana ya vipuri vya magari, na alirudi Unguja na lugha yao kichwani na siasa zao moyoni. Ukutani, chini ya picha ya Al-Kaaba, kuna kipande cha boksi la jokofu kilichoandikwa kwa makapeni idadi ya viti vya kila chama katika Baraza la Chini la Bunge la Japani. Viti vyote 465. Wingi ni 233. Anazifuta na kuziandika upya kila mbunge akihama. Kuna mteja aliyekuja kuulizia Vitz akatoka anamjua Ichiro Ozawa, mwanasiasa mkongwe wa huko.

Msidhani ni porojo za kupotezea wakati. Ankara za Ami zinakuja kwa yeni, si kwa dola, kwa hiyo serikali ya Tokyo ikitikisika, bei ya gari lako nayo inatikisika. Gari la yeni 600,000, dola ikiwa yeni 150, utalipa dola 4,000. Dola ikifika 155 utalipa kama 3,870. Tofauti hiyo ni matairi mawili mapya na chenji. Ndiyo maana nikakaa nikasikiliza, na nakiri kwamba sijapata kusikia mtu akieleza upinzani wa nchi nyingine kwa uzuri ule.

Anaanza na LDP, chama kilichoundwa 1955 na kikakaa madarakani karibu wakati wote tangu hapo. Kimetolewa mara mbili tu. Mara ya kwanza 1993, Ozawa alipojitoa na wenzake na vikundi vinane vikakusanyika chini ya Morihiro Hosokawa, ambaye hakumaliza hata mwaka. Mara ya pili 2009, chama cha Minshuto kilipobeba viti 308 kati ya 480 vya wakati ule. Ami alikuwa Nagoya siku hiyo, na akifika hapo sauti hupanda mpaka muuza kahawa anachungulia. Halafu inashuka: mawaziri wakuu watatu ndani ya miaka mitatu, tetemeko na tsunami ya Machi 2011, kisha ugomvi juu ya kodi ya mauzo. Yoshihiko Noda akataka kuipandisha, Ozawa akakataa akaondoka na watu wake, na uchaguzi wa Desemba 2012 ukawaacha na viti 57. Toka 308 hadi 57! Ozawa huyo huyo aliyevunja LDP akavunja na waliomfuata. Ami anampenda hivyo hivyo. Mie nikamwambia mtu wa namna ile kwetu tungemwekea mlinzi mlangoni kila chama kipya kikizinduliwa.

Kutoka hapo vyama vinazaana. Mwaka 2017 gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, alianzisha chama cha Matumaini, na wakubwa wa upinzani wakataka kukimbilia humo wote kwa pamoja. Koike akasema wengine hatawapokea, wale wa mrengo wa kushoto. Waliofungiwa mlango, wakiongozwa na Yukio Edano, wakaunda Rikken Minshuto wiki chache kabla ya kura, wakapata viti 55. Cha Matumaini kikapata 50 na baadaye kikayeyuka. Waliobaki kati wakaunda Kokumin Minshuto, cha Yuichiro Tamaki. Mwaka 2020 sehemu kubwa ya Kokumin ikahamia Rikken, Tamaki akakataa, akabaki na kikundi chake. Msomaji wa Zanzibar haya hayampi tabu. Sisi tuliona CUF ikigawika, na Machi 2019 tukasikia "shusha tanga, pandisha tanga" na watu wakahamia ACT usiku mmoja na bendera zao. Ami anasema Wajapani wangekuwa na Makamu wa Kwanza wa Rais kama sisi, wa kumpoza aliyeshika nafasi ya pili, wasingevunjika sana. Hapo sina hakika, lakini ni hoja.

Rikken na Kokumin ni kama ndugu waliogombea nyumba ya marehemu, kila mmoja akabaki na ufunguo. Wajapani hupiga kura kwa kuandika kwa mkono jina la mtu au la chama, na vyama hivi viwili vilisajili kifupi kile kile, Minshuto. Basi mpiga kura aliyeandika Minshuto tu kwenye karatasi ya orodha ya vyama, kura yake iligawanywa baina yao kwa kadiri ya kura ambazo kila kimoja kilipata kwa jina kamili. Hakuna aliyekuwa tayari kuliacha jina. Ami alinieleza hili huku akigonga meza kwa kucheka, na mie nikacheka mpaka kahawa ikanipalia.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni maelezo yake ya kwa nini hawaungani, kwa sababu hakusema "tamaa ya vyeo" kama anavyosema kila mtu barzani. Aliniambia niangalie nani anayelisha chama. Kuna shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, Rengo, lililoundwa 1989. Walio chini yake wanaofanya kazi serikalini, watu wa manispaa na walimu, wako na Rikken. Wa makampuni binafsi, wa viwanda vya magari, wa umeme, wa maduka makubwa, wako na Kokumin. Wafanyakazi wa umeme hawataki kusikia habari ya kufunga vinu vya nyuklia, maana ni ajira yao. Ndani ya Rikken kulikuwa na watu ambao tangu ajali ya kinu cha Fukushima mwaka 2011 hawakutaka kusikia habari ya kuviwasha. Na Rengo nzima haitaki kukaa meza moja na Chama cha Kikomunisti, chama kikongwe cha tangu 1922 chenye watu wachache lakini wapo kila mtaa. Wakomunisti nao wakisimamisha mgombea katika jimbo, wanakata kura elfu kadhaa za upinzani, na majimbo ya mtu mmoja yako 289. Kwa hiyo kiongozi wa Rikken akimkumbatia Mkomunisti, Rengo inanuna. Akimwacha, anapoteza majimbo.

Na hayo ni ya nje. Ndani ya Rikken yenyewe kulikuwa na makundi: la mrengo wa kushoto lililojiita Sanctuary, la Noda, la Ozawa. Kila uchaguzi wa kiongozi yalipimana nguvu. LDP nayo ilikuwa na makundi yake, mengi yakavunjwa baada ya kashfa ya fedha za siri iliyolipuka mwisho wa 2023, lakini LDP makundi yalikuwa yakigawana serikali. Upinzani unagawana nini?

Nagoya ilimfundisha mengine. Mwaka 2021, katika jimbo la mji wa Toyota, mbunge wa siku nyingi aliyetokea kwenye chama cha wafanyakazi wa Toyota hakusimama tena. Kwa Ami hiyo ilikuwa siku ya msiba. Wafanyakazi wa magari walikuwa wameanza kuona bora waelewane na wenye serikali. Alinisimulia haya akiwa ameshika ankara ya gari langu, ambalo huenda watu wale wale ndio waliolifunga nati.

Sasa nifike kwenye nyota mbili.

Oktoba 2025 ndiyo niliyokuwa nakaribia kulipa. Tarehe 4 LDP ikamchagua Sanae Takaichi kuwa kiongozi wake, na Jumatatu yake yeni ikashuka, dola ikapita 150. Nzuri kwangu. Tarehe 10 Komeito, chama kilichotokana na waumini wa Soka Gakkai, jumuiya ya Kibudha, kikajitoa kwenye muungano na LDP baada ya miaka 26. Ami siku hiyo hakukaa kitini. Akanivuta mbele ya lile boksi. Rikken 148. Ishin, chama cha watu wa Osaka, 35. Kokumin 27. Jumla 210. LDP peke yake 196.

"Ongeza Komeito 24. Ngapi?"

"234, Ami."

"Basi! Tamaki waziri mkuu. Takaichi hafiki. Yeni itapanda, mwanangu, lipa leo."

Rikken kweli walikuwa wamesema wako tayari hata kumpigia Tamaki badala ya kiongozi wao wenyewe, Noda. Hesabu ya boksi ilikuwa sahihi. Mie nikamuuliza yale aliyonifundisha mwenyewe: vinu vya nyuklia wamekubaliana? Sheria za ulinzi za 2015, ambazo Rikken walisema zina vipengele vinavyovunja katiba na Tamaki alizikubali, wamekubaliana? Akasema wakiuona mlango wa ikulu uko wazi watakubaliana. Nikamwambia nasubiri. Alinuna, na kahawa ya siku ile nililipa mwenyewe.

Walikutana wakuu watatu wa Rikken, Kokumin na Ishin, wakaongea, wakatoka na tabasamu la picha. Tamaki akawataka Rikken wabadili msimamo kwenye ulinzi na nishati kwanza. Ishin wakageuka upande wa pili, wakaweka sahihi na LDP tarehe 20, masharti yao yakiwemo kupunguza viti vya Baraza la Chini kwa asilimia kumi. Kesho yake Takaichi akapata kura 237, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Japani. Yeni ikazidi kushuka, na Novemba dola ilipopita 155 nikatuma pesa.

Ami hakunipa pongezi, aliniambia upinzani umemsaliti. Kasoro yake ndiyo hiyo, na ndiyo sababu nasema utabiri wake usiulipie gari. Anawaeleza vizuri mno watu wake kwa nini hawawezi kukaa pamoja, kisha akifika kwenye kutabiri anayasahau maelezo yake, anajumlisha viti. Angetazama tu kumbukumbu zilizo kwenye boksi hilo hilo. Mwaka 2021 vyama vitano vya upinzani, Wakomunisti wakiwemo, walielewana kuweka mgombea mmoja katika majimbo zaidi ya 200. Rikken ikatoka na viti 96, pungufu kuliko ilivyoingia, Edano akajiuzulu. Mwaka 2024 hawakuelewana hivyo, na Rikken chini ya Noda ikapanda kutoka 98 hadi 148. Kilichowapandisha ni hasira za watu juu ya zile fedha za siri. Hata baada ya hapo, bunge lilipopiga kura ya marudio ya kumchagua waziri mkuu, kati ya Shigeru Ishiba wa LDP na Noda, kura 84 ziliharibika kwa sababu wapinzani waliandika majina ya viongozi wao ambao hawakuwemo hata kwenye marudio. Ishiba 221, Noda 160. Piga hesabu mwenyewe.

Ninachokiona mie, mtu wa kununua gari, ni kwamba upinzani wa Japani una nguvu zaidi ukiwa hauko serikalini. LDP na mshirika wake Komeito walipopoteza wingi katika Baraza la Chini 2024 na Baraza la Juu Julai 2025, bajeti ikawa ya kuombewa kura nje. Kokumin, na vile viti vyake 28 vya 2024, ilifanya nchi nzima ijadili kiwango cha mshahara usiotozwa kodi, ule wa yeni 1,030,000 ambao Tamaki aliutaka ufike 1,780,000. Ile tozo ya ziada ya petroli, yeni 25.1 kwa lita, iliyodumu miongo kadhaa, iliondolewa mwisho wa 2025 kwa sababu vyama vya upinzani viliing'ang'ania mpaka wenye serikali wakasaini nao. Hakuna aliyehitaji kuwa waziri mkuu. Ami anaona ni makombo. Mie nanunua petroli kila asubuhi, siyaoni makombo.

Na mbele je? Hapa tulibishana mpaka 2025 inakwisha, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda pale. Takaichi alikuwa akipendwa kwenye kura za maoni, na waziri mkuu wa Japani anaweza kuvunja Baraza la Chini wakati unaomfaa. Ami aliweka matumaini kwa waumini wa Soka Gakkai: miaka 26 kura zao za kila jimbo zilikuwa zikiwabeba wagombea wa LDP, zikihama, alisema, wabunge kadhaa wataanguka. Huenda. Lakini mtu aliyeambiwa robo karne ampigie jirani yake wa LDP, anayemjua kwa jina na aliyekuja mazikoni kwao, hahami kwa tangazo la Tokyo. Na Rikken ilikuwa na tatizo ambalo boksi halikulionyesha. Julai 2025, kwenye kura za vyama za Baraza la Juu, ilishika nafasi ya nne, nyuma ya LDP, Kokumin na Sanseito, chama cha "Wajapani kwanza" kilichoanzishwa 2020 tu na kikapata viti 14 safari hiyo. Vijana walikuwa wamekasirika na hawakwenda kwa Noda. Walikwenda kwa Tamaki, na wengine kwa watu wanaolalamikia wageni. Ami, aliyewahi kuwa mgeni Nagoya, akifika kwa Sanseito hunyamaza, hutengeneza miwani na kuniuliza kama nataka kuona gari jingine. Sikumsukuma.

Mwisho wa 2025 mie nilisema Takaichi akiitisha uchaguzi wa mapema upinzani utapigwa, waungane wasiungane. Ami aliona kinyume na akaniambia tuweke ahadi ya biriani. Nikakubali.

Kwa wanaotaka kwenda: anafungua asubuhi mpaka adhuhuri na tena baada ya alasiri, Ijumaa asubuhi tu. Nenda na bajeti yako imeandikwa, maana hatakushawishi upande juu. Akikwambia gari baya, mwamini. Akikwambia lipa leo kwa sababu vyama fulani vimekutana Tokyo, mshukuru, fungua simu uangalie dola ni yeni ngapi, uamue mwenyewe. Kiti cha mteja mguu mmoja umelegea, kaa upande wa dirishani. Na kama una haraka, ankara isainiwe kwanza, ndipo umuulize habari za Ozawa.